Korti Iko Wapi?

Kaeni vizuri, wajukuu wangu. Wewe mwenye karai, liweke chini, dhahabu haitakimbia. Mmeniuliza korti ni kitu gani, na kwa nini mtu mzima wa hapa Macalder akitajiwa korti anashtuka kana kwamba ametajiwa chui. Nitawajibu, lakini nianze na swali langu: korti iko wapi? Msicheke. Nchi hii imewahi kuwa na kesi kubwa ambayo nusu ya ubishi wake ilikuwa juu ya mahali ilipofanyiwa.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari. Usiku huo polisi walimkamata Jomo Kenyatta na watu wengine wengi, kisha sita wakachaguliwa kushtakiwa kwamba wao ndio viongozi wa Mau Mau: Kenyatta mwenyewe, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Ramogi Achieng' Oneko. Huyo wa mwisho ni wetu, Mjaluo wa Uyoma, ng'ambo ya ghuba.

Sasa fikirini. Nairobi ilikuwa na mahakama kubwa ya mawe yenye nguzo nene. Majaji walikuwa huko, mawakili walikuwa huko, na waandishi wa habari wangefika kwa miguu. Serikali ikaipita mahakama hiyo na kwenda hadi Kapenguria, huko Pokot Magharibi, karibu na mpaka wa Uganda. Reli haikufika Kapenguria. Hoteli haikuwapo. Hata korti haikuwapo! Kesi iliyofuatiliwa na dunia nzima ilisikizwa ndani ya jengo la shule. Washtakiwa sita, ambao kila mmoja alikuwa mtu mzima mwenye jina lake, walikaa kwenye chumba ambamo watoto hufundishwa kuhesabu.

Mbona kule? Kwa sababu eneo lile lilikuwa limefungwa. Hukuweza kuingia bila kibali cha serikali, na aliyetoa kibali ni yule yule aliyeshtaki. Mawakili wa Kenyatta walitoka mbali: D. N. Pritt kutoka Uingereza, Diwan Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, pamoja na vijana wa Nairobi kama Fitz de Souza na Achhroo Kapila. Kulala walilala Kitale, na kila siku ya kesi wakala vumbi la barabara kwenda na kurudi. Mwananchi wa kawaida aliyetaka kuona kama haki inatendeka angeona nini, na angefikaje?

Hakimu aliitwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyetolewa kwenye pensheni yake kwa kazi hiyo moja. Hakukuwa na wazee wa baraza wala jopo la raia. Yeye peke yake alisikiza, yeye peke yake akaamua. Tarehe 8 Aprili 1953 aliwatia hatiani wote sita, akawapa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Baadaye ilijulikana kwamba serikali ilikuwa imemlipa pauni 20,000 nje ya mshahara. Mniambie wenyewe fedha hiyo inanukaje.

Kuna mambo mawili ya kesi hiyo ambayo siwezi kuyaruka, hata kama mmeanza kusinzia.

La kwanza ni la mkalimani. Mwanzoni, maneno ya Kikuyu yalitafsiriwa na Louis Leakey. Ndiyo, huyo huyo wa mifupa ya kale, aliyechimba Kanjera na Kanam kwenye rasi ya Homa, na ambaye mkewe Mary alipata fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga mwaka wa 1948. Alikulia Kabete na Kikuyu alikijua sawasawa. Lakini alikuwa pia mtu aliyeandika vitabu vya kuipinga Mau Mau, na mawakili wa utetezi wakalalamika kwamba hatafsiri kama mtu asiyependelea upande. Mwishowe akajiondoa. Mimi nasema walikuwa sahihi kulalamika. Mtu akisimama kati ya mdomo wako na sikio la hakimu, anaweza kukufunga kwa neno moja bila hata wewe kujua.

La pili ndilo linalonichekesha hadi leo. Mwezi wa Julai 1953 rufaa ya wale sita ilisikizwa na majaji walioketi Kitale, nao wakagundua kwamba karatasi ya kumteua Thacker ilimpa mamlaka katika Mkoa wa Kaskazini. Kapenguria ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa! Serikali iliyohangaika kutafuta mahali pa mbali ilikuwa imekosea ramani. Majaji wakasema hakimu hakuwa na mamlaka ya kusikiza kesi pale. Hivi hivi kesi nzima ikaanguka. Lakini msishangilie. Serikali ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, nayo ikaugeuza uamuzi huo. Januari 1954 rufaa za watano zilitupwa. Achieng' Oneko peke yake ndiye aliyeshinda: korti ilisema hana hatia. Akarudi nyumbani? Wapi! Hali ya hatari iliruhusu kumzuia mtu bila kesi, kwa hiyo mtu aliyesafishwa na mahakama akaendelea kukaa kizuizini hadi 1961.

Na shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia, aliyesema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau? Mwaka wa 1958 aliandika hati ya kiapo akisema ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa zawadi. Basi akakamatwa yeye. Si kwa uongo wa kwanza, bali wakasema huu wa pili ndio uongo. Akafungwa. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba jengo likiitwa korti haitoshi.

Leo ukienda Kapenguria utakuta makumbusho, yaliyofunguliwa 1993 katika gereza walimofungiwa wale sita. Watoto wa shule huingia kwenye vyumba vile na kujaribu milango.

Marekani nako kuna korti iliyogeuka makumbusho, na yenyewe ilifikishwa huko na kitabu cha hadithi. Iko katika mji mdogo wa Monroeville, jimbo la Alabama. Kule kila kaunti ina jengo lake la korti katikati ya mji, mara nyingi lina saa juu ya paa, na maduka yote yanalizunguka. Humo watu huandikisha shamba, hufunga ndoa, hulipa kodi na kuhukumiwa. Mwandishi Harper Lee alizaliwa Monroeville. Baba yake alikuwa wakili, naye akiwa mtoto alikuwa akimtazama akifanya kazi katika korti hiyo. Mwaka wa 1960 alitoa riwaya ya To Kill a Mockingbird, ambamo mtu mweusi anashtakiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na watoto wa wakili mzungu anayemtetea wanaitazama kesi kutoka roshani ya juu. Kwenye roshani hiyo ndiko watu weusi walikolazimishwa kukaa. Chini ni viti vya wazungu. Yaani ukiingia mlangoni tu, kabla hakimu hajafungua mdomo, ngazi zimeshakuambia wewe ni nani. Ninyi mnaosoma riwaya shuleni, siku moja muisome hiyo kwa jicho la nani ameketi wapi.

Turudi nyumbani. Kama Kapenguria ilikosa wasikilizaji, kuna kesi nyingine ambayo wasikilizaji waliizidi korti. Wazazi wenu waliisikia redioni wakiwa wadogo.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifariki Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, mtu wa Alego, Siaya. Watu walimwita S. M. tu. Mkewe, Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki na mpigania uhuru, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager, wakasema Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga. Mnajua sisi na mazishi. Hatuna mchezo. Kwa hiyo mwili ukakaa chumba cha maiti, na walio hai wakaenda Mahakama Kuu.

Mwanzoni mwa Januari 1987 jaji mmoja alimkubalia Wambui. Mahakama ya Rufaa ikasimamisha mazishi na kuagiza kesi isikizwe yote, mashahidi wote waitwe. Hapo ndipo Nairobi iliposimama. Watu walijaa ukumbini, waliokosa nafasi wakajaa nje barabarani, na magazeti yakachapa maswali na majibu karibu neno kwa neno. Matatu, saluni, ofisi, kote watu walikuwa mawakili. Ukiuliza mimi, hiyo ndiyo hadithi ndefu zaidi ambayo Wakenya wamewahi kusimuliana kwa pamoja, na msimulizi wake alikuwa korti.

Upande wa Wambui alisimama wakili John Khaminwa. Hoja yake: huyu marehemu aliishi maisha ya kisasa, alimpenda Shakespeare, alioa kwa sheria ya serikali, hakuwalea wanawe kwa mila ya kijijini, basi mkewe ndiye mwenye haki ya kumzika. Upande wa ukoo alisimama Richard Kwach. Yeye akasema usomi hauvui mtu ukoo wake. Mashahidi walikuwa wa kila aina. Profesa Odera Oruka, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliulizwa habari za mila na imani za Wajaluo. Na mzee mchimba kaburi, Albert Ong'ang'o, akapanda kizimbani akaeleza kwamba S. M. mwenyewe alikuwa amemwambia atakuja kumchimbia kaburi kando ya baba yake. Profesa na mchimba kaburi, wote wawili wameapa kiapo kile kile, wote wawili wanaulizwa na mawakili wale wale. Nje ya korti, ni lini mngewaona watu hao wamesimama mahali pamoja na kusikilizwa kwa uzito mmoja?

Tarehe 13 Februari 1987 Jaji Bosire aliamua mazishi yafanywe Nyamila, Nyalgunga. Wambui akakata rufaa, akashindwa tarehe 15 Mei. Mnamo 23 Mei, miezi mitano baada ya kifo, S. M. Otieno akazikwa Siaya. Mkewe hakuhudhuria. Mimi ni Mjaluo na nilifurahi siku ile, sitawaficha. Lakini miaka imepita, na sasa nikiikumbuka kesi ile namfikiria zaidi yule mama aliyekaa kwenye benchi wiki baada ya wiki, akisikiliza watu wakibishana mumewe alikuwa nani. Wasomi David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliandika kitabu kizima juu ya kesi hiyo, na bado hawakuumaliza ubishi.

Korti iliyokuja karibu zaidi na Macalder haikuja kwa gari. Ilikuja kwa televisheni. Agosti 2017 Raila Odinga alikwenda Mahakama ya Juu kupinga matokeo ya urais, na kesi ikaonyeshwa moja kwa moja. Tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga alisoma kwamba uchaguzi umebatilishwa, majaji wanne dhidi ya wawili. Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea Afrika. Hapa kwetu watu walikimbia barabarani wakiimba. Kisha uchaguzi wa marudio ulipofika mwezi wa Oktoba, Raila alijiondoa, na kaunti nne za Nyanza, Migori ikiwamo, hazikupiga kura. Kushinda kortini ni jambo moja. Yanayofuata mlangoni ni mengine.

Haya, tuje kwenye kesi zenu, kwa sababu wengi wenu hamtagombea urais.

Mgodi mkubwa wa hapa, ule wa shaba na dhahabu uliojengwa wakati wa mkoloni, ulifungwa 1966. Waliobaki ni sisi, na mashimo yetu, na mchanga wetu. Tuseme vijana wawili wamechimba pamoja, mmoja akauza dhahabu na asigawe. Ugomvi unaanza nyumbani. Unapanda kwa mzee wa kijiji, kisha kwa chifu, na mara nyingi unaishia hapo, kwa maneno na malipo kidogo kidogo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inazitaka mahakama zenyewe zikuze njia hizo za upatanisho, ilmradi hazimwonei mtu. Usiamini anayekuambia kwamba wazee hawana thamani kisheria. Lakini wazee nao wana ndugu, na mara nyingine ndugu yao ndiye aliyekula dhahabu.

Hapo ndipo korti inapohitajika, na hapo ndipo swali langu la mahali linaporudi. Zamani za mkoloni sisi wote wa kusini tulitawaliwa kutoka Kisii. Baadaye makao ya wilaya yakawa Homa Bay. Na hata baada ya hapo, kesi ya mauaji iliyotokea huku kwetu Nyatike ilipelekwa Mahakama Kuu Kisii. Hesabuni nauli ya mashahidi watatu, chakula, na pengine kulala, halafu karani anatangaza kwamba kesi imeahirishwa. Kesi ngapi zilikufa njiani kwa sababu shahidi alikosa nauli! Siku hizi Mahakama Kuu iko Migori, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi pia ina kituo Migori. Ukishindwa huko, rufaa inakwenda Kisumu. Bado ni safari, lakini siyo ile.

Kwa deni lisilozidi shilingi milioni moja kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka wa 2021 na kuenea kwingineko. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Wale vijana wa dhahabu wangefaa sana huko.

Ndani ya chumba kuna nini? Mbele, juu kidogo ya watu wote, ameketi hakimu, na nyuma yake ngao ya taifa. Akiingia, mnasimama. Mnamwita Mheshimiwa. Zamani majaji walivaa nywele za bandia nyeupe, za Kiingereza, hadi Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoziondoa mwaka wa 2011, nami sikuzililia. Chini ya hakimu yupo karani, ambaye ndiye anayeita majina na kutafsiri. Upande mmoja kiongozi wa mashtaka, upande mwingine wakili wa mshtakiwa, kama anaye. Mshtakiwa anasimama kizimbani. Korti za mahakimu hutumia Kiingereza au Kiswahili, lakini bibi yenu asiyejua lugha nyingine ila Dholuo, akishtakiwa kwa kosa la jinai, ana haki ya mkalimani bila kulipa hata senti. Ni Katiba inayosema hivyo, na mkumbuke habari za Leakey: akitafsiriwa vibaya, aseme hapo hapo.

Mimi ninaposimulia, ninyi mnanyamaza. Kortini sivyo. Ukimaliza kusimulia, mtu wa upande wa pili anasimama na kukuuliza: ulisema kulikuwa na giza, sasa ulimwonaje? Ulikuwa umbali gani? Mbona kwa polisi ulisema jingine? Msikasirike mkiulizwa hivyo. Hadithi isiyoulizwa maswali yaweza kumfunga mtu bure.

Hata mtoto anaweza kuwa shahidi. Hakimu atamuuliza kwanza, polepole, kama anaelewa maana ya kusema kweli. Kesi za watoto wenyewe husikizwa faraghani, watu wengine wakitolewa nje. Na tangu Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Zamani ilikuwa miaka minane. Usinitazame hivyo wewe. Haina maana uende ukaibe mchanga wa jirani.

Kesi nyingine zote, isipokuwa hakimu aone sababu ya kufunga mlango, ni za hadharani. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kesi yake kusikizwa mbele ya watu. Basi likizo ijayo, mzazi akienda Migori kwa shughuli zake, mwombeni awapitishe mahakamani. Orodha ya kesi za siku huwa imebandikwa ukutani, isomeni. Vueni kofia, zimeni simu, kaeni benchi la nyuma. Na askari wa mlangoni akiwauliza mmekuja kwa kesi ya nani, mwambieni hamna kesi na mtu, mmekuja kusikiliza.